Kabla Hafsa Hajatimiza Kumi na Tano

Njinjo, Kilwa
14 Aprili 2024

Kaka yangu Yahya,

Shikamoo. Natumaini Idd mmeila salama huko Lindi, wewe na wifi yangu Somoe, na kwamba cherehani sasa imepumzika. Sisi huku ni wazima, ila mvua haitupi nafasi. Mto Matandu umejaa, na mpunga wa bondeni tunauangalia kwa mbali na kumwomba Mungu. Nguo za Idd ulizowashonea wapwa zako Dominick wa lori alizileta siku moja kabla. Ya Mboni imemkaa vizuri. Ya Hafsa imembana, maana ulimpima mwaka jana, na mtoto huyu anarefuka kama mbaazi. Fundi mzima unashona kwa kukisia.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ni ya mume wangu Hussen, na tangu ilipoloa haisikiki mpaka uweke sauti ya nje. Ukipiga simu kwetu umeupigia mtaa mzima. Na haya si ya mtaa.

Shule imeitisha wazazi. Kuanzia tarehe 22 watakuja manesi kuwachoma sindano wasichana wa miaka tisa mpaka kumi na minne. Sindano moja tu, imekwisha. Wanasema ni kinga ya kansa ya mlango wa kizazi. Nikainua mkono nikauliza, mtoto wa miaka kumi na kansa hiyo wapi na wapi? Nesi akasema ndiyo maana wanachanjwa mapema, kabla hawajaanza mambo ya ukubwa, maana kinachosababisha kansa hiyo ni kirusi kinachopatikana katika kukutana mume na mke. Hapo akina baba wakaanza kunung'unika, na mkutano ukaharibika.

Sasa kila kisima kina habari yake. Wengine wanasema inafunga kizazi. Wengine wanauliza kwa nini wasichana peke yao, na kwa nini bure, wakati panado tu tunanunua. Mboni ana miaka kumi, huyo ana muda. Hafsa ana kumi na minne, na tarehe 2 Juni anatimiza kumi na mitano. Nesi alisema akishapita hapo hayumo tena.

Nilimwuliza Hussen. Akanijibu, "Mimi ni baba, nalisha na kuvisha. Lakini kwenu mtoto ni wa mjomba. Likitokea jambo, ndugu zako akina Likwata watanijia mimi. Mwulize kaka yako." Kisha akachukua jembe akaondoka. Basi nakuuliza wewe, mjomba wao.

Kaka, naogopa. Nikisema ndiyo na Hafsa akaja kukosa mtoto, nitamtazamaje? Na nikisema hapana, je? Nipe neno lako upesi. Nimempa Dominick barua hii aifikishe Nangurukuru kwa lori lake, yeye ataipandisha basi la Lindi.

Msalimie sana wifi. Hafsa anamsalimu somo wake aliyemfunda kuliko sisi wote.

Mdogo wako,
Mwanaima


Lindi Mjini
20 Aprili 2024

Mdogo wangu Mwanaima,

Marahaba, na salamu nyingi kwako, kwa shemeji Hussen na kwa wapwa zangu. Barua yako imefika ikiwa imelowa ukurasa mmoja, lakini nimeisoma. Kuhusu nguo, mwambie Hafsa mjomba hakukisia. Mjomba alishona kwa ajili ya mtoto wa adabu asiyerefuka bila ruhusa. Nitamshonea nyingine.

Huku tumeila Idd kimya kimya. Wifi yako anakusalimu. Ana homa kidogo, amelala. Si ya kutia wasiwasi.

Kuhusu hiyo sindano, neno langu ni kwamba mngoje. Msiseme hapana, maana watawaandika majina. Semeni mjomba hajafika. Hawa watu wa hospitali wakishakugusa mahali, hujui watakuwa wamegusa nini, na wakishaondoka nani utamdai? Nitakuja mwenyewe baada ya mvua, tukae tuzungumze. Sindano haikimbii.

Usiniulize zaidi kwa sasa. Nina mambo.

Kaka yako,
Yahya


Njinjo
29 Aprili 2024

Kaka Yahya,

Shikamoo. Hatujambo, ingawa kwa wiki hii neno hilo nalisema kwa kujikaza. Wifi anaendeleaje? Ulisema homa kidogo, lakini mke wa Dominick alikuwa Lindi Jumatano, anasema aliwaona stendi mnapanda basi la Dar, na kwamba Somoe alikuwa ameshikwa huku na huku. Homa gani hiyo inayokwenda Dar? Nijibu.

Barua yako ilifika tarehe 23, na manesi walikuja shuleni tarehe 25. Nilifanya ulivyosema. Alfajiri niliwapeleka wote wawili shambani kule juu kuamia ndege, nikawaambia wasishuke dunguni mpaka niwafuate. Mboni alifurahi, maana siku hiyo walikuwa na mtihani wa hesabu.

Saa nne nikasikia kelele. Siwatu, binti wa jirani yetu Shamte, yule rafiki wa Hafsa wanaokaa dawati moja, alichomwa sindano, akatembea hatua kumi, akaanguka chini. Macho juu, mikono ya baridi. Watoto wakapiga mayowe na kukimbilia majumbani. Shamte alikwenda na panga, kaka. Mtu mpole yule. Wanaume walimshika. Manesi wakamlaza Siwatu kivulini, wakamnyanyua miguu, wakampa maji ya sukari, na baada ya muda aliinuka akaenda kwao kwa miguu yake. Lakini nani alibaki kuangalia hilo? Wazazi walikuwa wamekwisha wabeba watoto wao. Waliochomwa hawafiki thelathini.

Siku hiyo sikuwasha moto jikoni. Nilifikiri, angekuwa Hafsa. Kaka, ahsante kwa kuniambia ningoje. Usiku na mchana naomba Mungu akulipe kwa neno hilo.

Yule nesi mkubwa kabla ya kuondoka alisema waliokosa wanaweza kwenda zahanati siku yoyote, mradi hawajatimiza kumi na mitano. Mimi siendi popote mpaka utakapokuja.

Simu ya Hussen imezama mtoni kabisa wakati anavuka, kwa hiyo sasa hata mtaa hatuusumbui tena.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi imekunjwa na kugundishwa kwa uji. Ni ya Hafsa kwa somo wake. Mimi sijaifungua. Tangu wifi alipomcheza mwali mwaka juzi, kuna mambo mtoto huyu hasemi na mtu mwingine, na mimi mama yake mzazi siruhusiwi hata kuuliza. Mpe Somoe mkononi.

Wako,
Mwanaima


Dar es Salaam
16 Mei 2024

Mwanaima mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikwenda Lindi, ikakaa kibandani kwangu wiki nzima, mpaka mpangaji mwenzangu alipompa mtu anayekuja huku. Nimekupigia kwa namba ya Shamte siku nne haipatikani. Naambiwa mnara wenu umezimika tangu ile tufani, na barabara ilikatika huko Somanga. Na hata ingepatikana, haya nisingeyasema Shamte akiwa amesimama pembeni. Kwa hiyo ninaandika, na nitampa dereva wa malori ampatie Dominick.

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Somoe hana homa. Somoe ana kansa ya mlango wa kizazi. Tupo hospitali, yeye wodini na mimi nalala kwa jamaa Mbagala. Ameongezewa damu mara tatu. Wanampa mionzi. Nilimwuliza daktari atapona lini, akaniambia, "Mzee, mngekuja mapema." Hakusema zaidi, na mimi nikaogopa kumwuliza zaidi.

Sasa nikuambie la mapema. Mwezi wa nane mwaka jana Somoe aliniambia anatoka damu siku zisizo zake. Nikamwambia, ngoja msimu wa korosho uishe. Wewe unajua kazi yangu. Korosho zikiuzwa ndipo watu wanashona, miezi mitatu hiyo ndiyo mwaka wangu mzima. Nilikuwa na mashati ya watu mpaka kitandani. Akangoja. Msimu ukaisha, nikamwambia tujaribu kombe kwanza, maalimu ataandika aya anywe. Akanywa kombe siku arobaini. Mwezi wa pili akaenda peke yake kupimwa, hakuniaga. Wakamwangalia, wakamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Damu ilipozidi baada ya hapo, mimi nikasema ni kile chuma chao cha kupimia, wao ndio waliomjeruhi. Nilimgombeza, Mwanaima. Nilimgombeza mgonjwa. Na wewe uliponiandikia habari ya manesi na sindano, nilikuwa bado nina hasira hiyo hiyo, na Somoe yuko chumba cha pili analia polepole nisimsikie. Ndipo nikakuandikia ngoja.

Hapa nimemwuliza daktari mpaka amenichoka. Amesema kupimwa hakukumpa ugonjwa. Ulikuwepo, na kupimwa ndiko kulikouonyesha. Amesema hiyo sindano ya wasichana haifungi kizazi. Katika wodi hii nzima, kaka yako anavyokuambia, wamelala wanawake wa kila kabila, na kila mmoja ana mume kama mimi anayezunguka nje na chupa ya chai.

Sasa karatasi ya Hafsa. Nilimpa Somoe mkononi. Aliisoma, akacheka, mara ya kwanza tangu tuje. Akasema ni ya siri, lakini kwa jambo hili siri ifunguliwe. Hafsa na Siwatu walikuwa wamefunga. Walikuwa wanalipa siku zao za Ramadhani, zile ambazo mwanamke hafungi. Waliapizana walipe pamoja na wasimwambie mtu, kwa haya, maana ukisema unalipa umeshasema kwa nini. Siku ya sindano Siwatu hakuwa amekula daku, aliamka jua limetoka. Akasimama juani kwa muda wa saa mbili bila maji tumboni. Nesi alipouliza nani hajala, mtoto wa kike angejibuje mbele ya wavulana wa darasa la saba? Akanyamaza, akachomwa, akaanguka. Hafsa anamwuliza somo wake kama saumu ya Siwatu ilibatilika kwa yale maji ya sukari. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Somoe anasema mwambie atailipa siku nyingine, na safari hii ale daku.

Basi sikiliza. Mimi Yahya Likwata, mjomba wao, nasema ndiyo. Wapeleke wote wawili zahanati. Usiningoje mimi, usimngoje Hussen, usingoje mpunga. Hafsa ana mpaka tarehe 2. Nakuomba. Kila siku Somoe ananiuliza, "Hafsa amechanjwa?" Nitamjibu nini?

Kaka yako,
Yahya


Njinjo
8 Juni 2024

Kaka Yahya,

Shikamoo. Poleni sana. Nimelia kwa ajili ya wifi, na Hafsa amelia mpaka amevimba macho. Tumemsomea dua nyumbani. Mungu amwondolee maumivu.

Barua yako imefika tarehe 6, Alhamisi.

Mboni nimempeleka jana. Amechomwa mkono wa kushoto, akalia kidogo kwa deko, akaomba muwa. Leo anacheza.

Hafsa alikuwa ametimiza tayari. Nesi alitazama kadi ya kliniki, akatikisa kichwa, akasema pole mama.

Siwatu hajambo. Mpunga tumevuna nusu.

Sina zaidi.

Mwanaima


Dar es Salaam
25 Juni 2024

Mwanaima,

Marahaba. Idd ya kuchinja imepita nikiwa kwenye geti la hospitali, watu wanapita na vyakula vyao. Mama mmoja wa Kitumbini ambaye binti yake yuko wodi yetu alinipa sahani ya pilau, nikaila nimesimama.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Siku nne. Siku nne tu, mdogo wangu. Laiti nisingeandika neno ngoja mwezi wa nne, leo Hafsa angekuwa salama kama Mboni. Nililisema kwa mke wangu, nikalisema kwa mpwa wangu. Nikilala naona mkono wangu unaliandika. Nikitazama hapa wodini kila kitanda namwona Hafsa wa miaka ijayo. Naogopa, Mwanaima. Mimi mtu mzima mwenye mvi naogopa.

Lakini pia nina hasira na Dominick. Yule dereva wa lori niliyempa barua huku ameniapia kwamba alimkabidhi barua tarehe 27 Mei pale Nangurukuru, na Dominick akamwambia anapanda Njinjo kesho yake. Sasa barua ilikuwa wapi mpaka tarehe 6? Aliitia kwenye kisanduku cha vipuri akaisahau? Nimempata kwa simu, nimemwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nimemwambia ameubeba mzigo wa binti wa watu na asikanyage tena kwangu. Yeye akasema, "Kaka Yahya, mimi niliifikisha," akakata. Muongo mkubwa. Na nimewaambia wengine wasimpe tena barua wala dawa ya mtu.

Kuna jambo lingine, nalo nakuambia wewe peke yako. Ijumaa Somoe aliniuliza tena. Amekonda, sauti inatoka puani. "Hafsa amechanjwa?" Nikasema ndiyo. Nikasema wote wawili, siku moja, na Mboni aliomba muwa. Alifumba macho akasema alhamdulillahi, akalala saa tatu mfululizo bila kuguna, na manesi wakashangaa.

Ndiyo hivyo nilivyofanya. Unione vyovyote utakavyoniona.

Yahya


Njinjo
14 Julai 2024

Kaka yangu Yahya,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne. Hussen anakusalimu, Mboni anakusalimu. Ufuta umekuwa mzuri upande wetu mwaka huu, tunaukung'uta, kichwa changu kizima ni vumbi lake. Nimesema habari zote za nyumbani, sasa sina pa kujificha.

Dominick hakusahau barua. Aliniletea mwenyewe mlangoni tarehe 28 Mei, Jumanne, saa tisa mchana. Nilikuwa napepeta. Alisema, "Ya kaka yako, kasema ni ya haraka." Hata maji hakunywa.

Nilikudanganya, kaka. Zilikuwa zimebaki siku tano, na barua ilikuwa mkononi mwangu.

Niliisoma nyuma ya nyumba. Nilipofika pale ulipoandika ugonjwa wa Somoe, nilikaa chini. Unafikiri mtu akisoma vile atakimbia zahanati. Mimi nilifanya kinyume. Niliona ugonjwa huku, nikamwona Siwatu kalala chini kule, na Hafsa katikati, nikaganda. Uliniandikia kwamba Siwatu alikuwa amefunga, na ningeweza kumwuliza Hafsa kwa neno moja tu. Lakini mimi ni mama yake. Jambo hilo mama haligusi, ndivyo tulivyolelewa, na niliona ni afadhali nikae na hofu kuliko kumwuliza mwanangu kama alikuwa analipa siku. Nikaiweka barua chini ya godoro. Jumatano nikasema kesho. Alhamisi nikasema kesho. Sikumwambia Hussen.

Ijumaa, tarehe 31, nilijikaza. Nilimfulia Hafsa sare, nikamwambia tunakwenda zahanati, hakuuliza kwa nini. Kadi yake ya kliniki aliitia mwenyewe ndani ya kikapu, akaifunika kwa kanga. Tulifika mapema, palikuwa na kina mama watatu tu. Mlango ulikuwa wazi. Niliona meza, lile boksi la baridi, na nesi anavuta dawa. Basi. Nikamwambia Hafsa, "Tumesahau kadi nyumbani, turudi." Alinitazama. Akatazama kikapu. Kisha akasema, "Haya mama," akatangulia njiani.

Alijua, kaka. Yeye ndiye aliyeiweka kadi. Alitembea mbele yangu njia nzima na hakugeuka hata mara moja. Jumamosi nilijifanya naumwa kichwa. Jumapili alitimiza kumi na mitano, nikampikia wali wa nazi, akala akasema ahsante.

Wewe ulisema ngoja ulipokuwa huna habari, na ulipopata habari ukasema ndiyo kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa na ndiyo yako chini ya godoro. Kwa hiyo usiutazame mkono wako tena, tazama wangu. Na Dominick nimemfuata kwake, nimekaa mbele yake na mkewe nikasema yote. Hakunitukana. Alisema tu, "Dada Mwanaima, watu wameacha kunipa dawa za wagonjwa wao." Nimezunguka nyumba kwa nyumba kusema kwamba kosa ni langu. Nawe mpigie simu, kaka. Hii barua anaipeleka yeye, bila kuniuliza ina nini.

Nimerudi zahanati. Nilimwuliza nesi kama mlango umefungwa kabisa kwa Hafsa. Akasema chanjo ile ya serikali amekwisha ipita, lakini si kwamba amehukumiwa. Akiwa mtu mzima apimwe, na apimwe tena kila atakapoambiwa, na akiona dalili asikae nayo hata wiki. Ugonjwa huu ukikutwa mapema unatibika. Kisha akanigeukia, "Na wewe mama umewahi kupimwa?" Nina miaka thelathini na minane, nimezaa mara tatu na kuzika mmoja, na sijawahi.

Nilipofika nyumbani nilimwita Hafsa jikoni. Nilimwambia nilikuwa na barua yako na nikaificha. Nilimwambia niliiona kadi kikapuni. Alichochea moto muda mrefu. Akasema, "Nilidhani hutaki nipone kitu ambacho sijaugua." Sikuelewa vizuri alichosema na nimekielewa sana. Kisha akaniuliza, uso umetazama chini, kama saumu ya Siwatu ilibatilika. Kaka, nilimjibu. Sikusubiri somo. Nilimwambia yote ninayoyajua kuhusu siku hizo na damu hiyo, ipi ni ya kawaida na ipi si ya kawaida, na jasho lilinitoka mgongoni kama niliyekuwa nalima. Wifi anisamehe kwa kuingia zamu yake.

Kuhusu lile ulilomwambia Somoe, siwezi kukuhukumu. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine imegundishwa kwa uji, ya Hafsa kwa somo wake. Sijui ameandika nini. Anajua kwamba Somoe anaamini amechanjwa, maana nilimsomea barua yako. Msomee au usimsomee, wewe ndiye unayemwona uso. Ila usiiweke chini ya godoro.

Bado naogopa. Kila nikimwona anainama kuchota maji naogopa, na nadhani nitaogopa mpaka nizeeke.

Jumanne nakwenda kupimwa. Hafsa amesema atanisindikiza, na kadi ataishika yeye.

Mdogo wako,
Mwanaima